Chini ya Paa Moja: Elimu ya Sanaa ya Chuo Kikuu na Mwanafunzi Atokaye Turkana

Mwezi wa Januari 2026, wanafunzi wa kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu nchini Kenya. Kila mmoja wao alitakiwa awe amekwisha kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Wapangaji wa mtaala walitarajia kwamba takribani asilimia 15 ya wanafunzi wangeufuata mkondo huo wa tatu. Watakapomaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa mwaka 2028, wale watakaofuzu watabisha hodi kwenye vyuo vikuu mwaka 2029. Makala haya yanauliza watabisha hodi mlango upi, na wakifunguliwa, watasoma na kuishi vipi. Swali hilo ni zito kwa kila mwanafunzi wa sanaa, lakini uzito wake haulingani kila mahali. Kwa kijana wa Nariokotome, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, ni swali linaloweza kuamua kama atasoma au hatasoma.

Jina la Nariokotome linafahamika ulimwenguni kwa sababu ya kijana mmoja tu. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho lisilo na mfano katika kutafuta visukuku, aliokota kipande cha fuvu kando ya mto mkavu wa mahali hapo. Uchimbaji uliofuata chini ya Richard Leakey na Alan Walker ulitoa kiunzi cha mifupa kilichokaribia ukamilifu, cha mtoto wa kiume aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo ilipelekwa Nairobi katika Makavazi ya Taifa, na huko ndiko iliko. Si neno, mifupa ya kale huhitaji kabati salama. Hata hivyo, njia iliyofuatwa na mifupa hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo na vijana walio hai wa sehemu hizo wenye vipaji vya sanaa: kusini, mbali, na aghalabu bila tiketi ya kurudi.

Mseto na sufuria tatu

Kabla ya kuendelea, yafaa dhana yenyewe ifafanuliwe. Chuo kikuu cha sanaa mseto ni chuo ambamo muziki, maigizo, ngoma, uchoraji, uchongaji, filamu, usanifu na uandishi hufundishwa chini ya utawala mmoja na, hili ndilo la maana zaidi, kwa namna inayomlazimisha mwanafunzi wa fani moja kukutana na wa fani nyingine. Neno mseto halikuchaguliwa hapa kwa bahati. Mpishi wa mseto huweka mchele na choroko katika chungu kimoja, vikaiva kwa moto mmoja na kuonjana ladha. Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki havipiki hivyo. Vina idara ya muziki, idara ya sanaa za maonyesho na idara ya sanaa za ufundi, kila moja ikiwa sufuria yake kwenye jiko lake. Mwanafunzi wa uchoraji huweza kuhitimu bila kuwahi kuingia chumba cha mazoezi ya maigizo. Kenya, kwa mfano, ina idara nzuri za aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na kwingineko, lakini haina chuo kikuu cha umma kilichoundwa kwa ajili ya sanaa pekee.

Wazo la kuzipika pamoja lina historia ndefu kiasi. Shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa mwaka 1919 katika mji wa Weimar nchini Ujerumani na mwanausanifu Walter Gropius, ilimtaka kila mwanafunzi apitie mafunzo ya awali ya pamoja kabla ya kuingia karakana ya ufumaji, ya chuma, ya mbao au ya ufinyanzi. Ilifungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Mwaka huo huo, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kilifunguliwa Chuo cha Black Mountain, ambako wanafunzi na walimu waliishi pamoja, wakalima shamba, wakajenga baadhi ya majengo kwa mikono yao, na kuchanganya muziki, ngoma, ushairi na uchoraji hadi chuo kilipofungwa mwaka 1957 kwa ukata. Mfano wa tatu ni wa utaratibu zaidi. Mjini Berlin, chuo cha sanaa za kuona na chuo cha muziki na maigizo viliunganishwa mwaka 1975, na mwaka 2001 taasisi hiyo ikapewa jina la Chuo Kikuu cha Sanaa. Mifano hii inadokeza jambo ambalo wapangaji wa elimu wa kwetu hulisahau: kuunganisha fani si kuunganisha barua za idara tu. Bauhaus na Black Mountain hazikumbukwi kwa sababu ya ratiba zake, zinakumbukwa kwa sababu watu walikula, walifanya kazi na walibishana mahali pamoja.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kutostaajabishwa na haya. Lugha yake haikuzitenga sanaa tangu hapo. Neno ngoma lataja ala inayopigwa, mchezo unaochezwa, na sherehe nzima inayowakutanisha watu; katika pwani lataja hata uganga wa kupunga mashetani. Neno sanaa, lililotoka katika Kiarabu, lina mzizi unaohusu kazi ya mikono na ustadi, ndiyo maana fundi wa mlango wa nakshi huko Lamu na manju wa nyimbo wote waweza kuitwa wasanii bila lugha kulalamika. (Mitaani neno usanii limepata maana ya ulaghai. Wenye kupanga bajeti za vyuo huonekana wakati mwingine kuifahamu maana hiyo tu.) Mgawanyo wa sanaa katika vyumba ulikuja na ratiba za vyuo, haukutoka katika lugha.

Edonga haina idara

Waturkana ni mfano ulio wazi zaidi, kwa kuwa wao hawana hata ngoma kwa maana ya ala. Katika edonga, mchezo wao mkuu, mdundo hutoka kwenye miguu inayoruka na kuikita ardhi, kwenye makofi, na kwenye sauti za kiongozi na waitikiaji. Wanaume huimba sifa za maksai wao. Kila mwanamume wa desturi humpenda maksai mmoja kuliko wengine, hujulikana kwa jina linalotokana naye, na huinua mikono akicheza kuiga umbo la pembe zake. Pembe zenyewe mara nyingi zimekwisha kufinyangwa tangu mnyama akiwa mchanga ili zielekee upande unaotakiwa. Huo nao ni uchongaji, ila kinachochongwa kinapumua na kula majani. Wanawake huingia na safu za shanga shingoni, na zamani wanaume waliingia na vishungi vya nywele vilivyosiribwa udongo na kutiwa rangi, vikachomekwa manyoya ya mbuni.

Sasa mfikirie mtafiti aliyetumwa na chuo aende Lowarengak au Nariokotome akaikusanye sanaa hii. Kama ametoka idara ya muziki, atarudi na sauti. Wa fasihi simulizi atarudi na maneno yaliyopangwa katika beti, pamoja na ufafanuzi wa dhamira na tamathali. Wa sanaa za ufundi atarudi na picha za shanga na za ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Wote watatu watakuwa wamefanya kazi ya halali, na wote watatu watakuwa wamemwacha maksai nyuma. Wimbo wa maksai uliochapwa kwenye karatasi bila mruko, bila mikono iliyoinuliwa na bila mnyama mwenyewe ni sawa na tamthilia iliyobaki na maelekezo ya jukwaa tu. Wanafunzi wa fasihi simulizi huambiwa kila mwaka kwamba utendaji ndio uhai wa utanzu. Kisha hutahiniwa kwa karatasi na kalamu.

Hapa ndipo hoja ya chuo cha sanaa mseto inapopata nguvu katika mazingira ya Turkana. Kijana aliyekulia katika awi, yaani boma la familia ya wafugaji, huja chuoni akiwa tayari amezoea kuimba, kucheza, kutunga na kupamba kama tendo moja. Chuo kikimwambia achague moja na kuziacha nyingine, kinamnyang'anya kile alichokuja nacho, kisha kinamtoza karo kwa kazi hiyo.

Bagamoyo

Katika Afrika Mashariki taasisi iliyokaribia zaidi kuijibu hoja hiyo haiko Kenya na wala si chuo kikuu. Ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Asili yake ni siasa ya utamaduni ya Tanganyika huru. Julius Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alieleza wazi kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Kikafuata kikundi cha taifa cha ngoma katika muongo huo, kisha cha sarakasi, ambacho vijana wake walipata mafunzo China, na baadaye cha maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, baadhi ya wasanii wake waligeuka walimu, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikawa Bagamoyo. Mwaka 2007 kikafanywa wakala wa serikali kwa jina linalotumika sasa.

Chimbuko hilo lina athari kubwa kuliko linavyodhaniwa. Walimu wa mwanzo hawakutoka katika idara. Walitoka jukwaani, walikokuwa wakicheza ngoma ya Wamakonde saa moja na ya Wasukuma saa iliyofuata. Kwa sababu hiyo, ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, sanaa za ufundi na utaalamu wa jukwaa vilifundishwa kama viungo vya mwili mmoja. Desturi ya chuo imekuwa kwamba mwanafunzi mwenye fani yake kuu hujifunza na nyingine kando yake. Mwigizaji hupiga ngoma, mpigangoma hufunzwa kuwasha na kuelekeza taa. Tamasha la kimataifa linaloandaliwa hapo tangu miaka ya 1980 huwa mtihani usio rasmi, kwani kazi ya wanafunzi hutazamwa na wakazi wa mji, wavuvi na watoto waliokaa mbele kabisa, ambao hawana simile na mchezo unaochosha. Mwaka 2002 jumba la maonyesho liliungua. Lilijengwa jingine, lakini katika miaka ya katikati masomo hayakusimama. Yalihamia kwenye viwanja na chini ya miti, mahali ambapo, kusema kweli, sanaa nyingi zinazofundishwa hapo zilizaliwa.

Mtu anayestahili kutajwa kwa kirefu ni Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo kutoka Dodoma, nchi kavu ya katikati ya Tanzania, nchi ya ng'ombe, mbuyu na njaa za mara kwa mara. Yaani nchi ambayo Mturkana angeitambua bila kuelezwa. Alijiunga na kikundi cha taifa, akaja kuishi na kufundisha Bagamoyo, na kwa zeze na ilimba akaifikisha sauti ya Ugogo kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Alifariki mwezi wa Desemba 2003. Jambo la kuzingatia katika maisha yake si umaarufu. Ni kwamba hakwenda Bagamoyo peke yake. Jamaa zake walimfuata, wakajenga, wakaendelea kupiga na kuimba pamoja naye, hata pakawa na kijiji cha Wagogo wanamuziki pwani. Mwaka 2024, Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huo huo, walitoa albamu yao iitwayo Maisha, wakiimba na kupiga wao wenyewe badala ya kubaki nyuma ya wanaume. Elimu ya darasani peke yake isingeweza kuleta tokeo hilo. Lililetwa na mahali pa kuishi ambapo mtoto alilala akisikia mazoezi na kuamka akiyasikia.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa Bagamoyo ni pepo. TaSUBa hutoa astashahada na stashahada. Mwenye kutaka shahada hana budi kwenda kwingine, mathalani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zimefundishwa tangu miaka ya 1960, au Makerere, ambako shule ya sanaa iliyoasisiwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930 ingalipo. Mhitimu wa Bagamoyo mwenye mikono minane huweza kufika mlango wa chuo kikuu akaulizwa alama za hisabati. Pengo hili kati ya ustadi na cheti ndilo linalowavunja moyo wengi, na halijazibwa upande wowote wa mpaka.

Chumba cha kupanga

Mambo ya malazi hayapewi nafasi katika mijadala ya mitaala, kana kwamba mwanafunzi hulala ndani ya silabasi. Kwa mwanafunzi wa sheria au wa historia, chumba cha kupanga nje ya chuo ni usumbufu wa nauli tu. Kwa mwanafunzi wa tarumbeta ni ugomvi na majirani kila jioni. Mwenye kuchonga hana pa kumwaga vumbi la mbao, mwenye kuchora kwa rangi ya mafuta hulala na harufu yake, na kikundi cha maigizo hakiwezi kufanya mazoezi hadi usiku kama mabweni yako upande wa pili wa mji. Sanaa ni kazi ya saa za ziada. Chuo kisicho na bweni, au kinachofunga karakana saa kumi na moja jioni, hufundisha nusu ya sanaa hata kikiwa na walimu bora.

Kuna pia suala la fedha, ambalo wenye kutoka nchi kame hulijua kwa namna yake. Mkopo wa HELB hulenga karo na matumizi ya kujikimu. Ndani ya fedha hizo za kujikimu ndimo mwanafunzi wa sanaa atoe nyuzi za gitaa, rangi, turubai, kitambaa cha maleba na nauli ya kwenda kurekodi. Familia nyingi za wafugaji hukamilisha kilichopungua kwa kuuza mbuzi. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nchi kame za Kenya, Ethiopia na Somalia, na mifugo ikafa kwa wingi usiosemeka. Mzazi aliyebakiwa na mbuzi wachache, akiambiwa kwamba mmoja wao ataenda kwa ajili ya rangi za kuchorea, ana haki ya kuuliza maswali, na si ushamba kuyauliza.

Yaliyopo Turkana

Isifikiriwe kwamba upande wa Turkana ni jangwa la elimu. Ni kweli ulicheleweshwa. Wakoloni waliifunga wilaya hiyo, wakaifanya mahali pa kutupia watu. Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung tangu 1953, na Kenyatta akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Nchi iliyochaguliwa kuwa gereza haikujengewa shule nyingi. Lakini mwaka 2017 kulianzishwa Lodwar Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na kijana wa Kalokol au Lokichar akaweza kusoma shahada bila kuondoka Turkana. Karibu na Lodwar pia, huko Turkwel, ipo kambi ya Taasisi ya Bonde la Turkana, iliyoasisiwa na Richard Leakey kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Stony Brook cha Marekani. Wanafunzi huishi hapo kwa muhula mzima wakichanganya jiolojia, ekolojia na akiolojia, wakilala mahali wanapochimba. Wanasayansi, basi, wamekwisha kuona faida ya kusoma na kuishi pamoja katika joto la Turkana. Wasanii bado wanangoja.

Labda wasingoje sana. Huko Loropio, ufuoni mwa ziwa, kuna chuo kidogo cha Startup Lions kilichokamilika mwaka 2021, ambako shirika la Learning Lions hufundisha vijana utengenezaji wa programu za kompyuta, usanifu wa michoro na upigaji wa video. Mchoraji wa majengo yake ni Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Kéré aliviangalia vichuguu vya mchwa vinavyosimama kote katika nchi hiyo, akajenga minara mirefu kwa kufuata umbo lake. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa safi huingia kwa matundu yaliyo chini, hivyo vyumba vya kompyuta hupoa mahali ambapo joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Kuta ni za mawe ya hapo hapo. Paa zina sehemu za kukaa kivulini, na wanafunzi hukutana hapo jioni kukiwa na upepo wa ziwa. Jengo hili lafaa kusomwa kama kitabu na yeyote anayepanga chuo cha sanaa kaskazini, kwa kuwa linathibitisha kwamba chuo cha Turkana hakilazimiki kuwa nakala ya chuo cha Nairobi iliyowekewa viyoyozi.

Kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar iko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotembea kutoka Sudan, na ambayo pamoja na makazi ya Kalobeyei imekuja kubeba watu wanaokaribia laki tatu. Shirika la FilmAid lilianza kazi hapo mwaka 2001. Mwanzoni lilionyesha filamu usiku kwenye kitambaa kilichofungwa juu ya lori. Baadaye likawafundisha vijana kuandika miswada ya filamu, kushika kamera na kuhariri. Mwaka 2008 wakimbizi walianzisha jarida lao la habari, KANERE. Tangu 2010 Wajesuiti wameendesha humo masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo Kakuma ina watunzi, wachoraji, waigizaji, wanamuziki na watengenezaji filamu, wote wakiishi mahali pamoja kwa lazima. Kinachokosekana ni chuo, yaani mwalimu wa kudumu, karakana, na cheti kinachotambulika nje ya uzio.

Kiswahili cha nani?

Katika kambi hiyo swali la lugha huwa la kisanii kabla ya kuwa la kisarufi. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Watu wa nchi zote hizo walikuwa tayari majirani Kakuma, wakisikilizana kwa Kiswahili kisimani na sokoni, miaka mingi kabla marais wao hawajatia sahihi. Mtunzi wa tamthilia hapo hana Kiswahili kimoja mkononi. Mkongo husema batoto na niko nakula. Mturkana aliyejifunza Kiswahili shuleni na sokoni huweka upatanisho wa ngeli pale anapoupenda na kuuacha pale unapomchosha. Msomali hukipa konsonanti zake mwenyewe. Mwigizaji akizungumza Kiswahili sanifu jukwaani, hadhira humdhania mwalimu, polisi au ofisa wa shirika.

Idara za Kiswahili zimezoea kuziita tofauti hizi makosa, au kwa upole zaidi, lahaja za bara zinazohitaji kurekebishwa. Mtazamo huo una nafasi yake katika darasa la sarufi. Katika chuo cha sanaa mseto hauwezi kusimama peke yake, maana pale lugha ni maleba: humtambulisha mhusika, umri wake, njia aliyopita hadi kufika, na nani anamwogopa. Mwanaisimu angehitajika kumsaidia mwigizaji asimwigize Mkongo kwa kejeli; mwigizaji naye angemsaidia mwanaisimu asikie kile ambacho dodoso halikusikii. Kwa sasa wawili hao hukutana Kenya kwenye tamasha za drama tu, na hapo wako katika mashindano.

Inafuata kwamba chuo cha sanaa kikiwahi kujengwa kaskazini, au Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kikipanua masomo yake kuelekea huko, walimu wa Kiswahili hawatakuwa wageni waalikwa. Watakuwa na kazi ya kila siku: kufundisha utunzi, kutafsiri nyimbo za edonga kwa namna itakayoimbika, kuandika manukuu ya filamu za Kakuma, kukusanya istilahi za taa na jukwaa ambazo Bagamoyo imezitumia kwa zaidi ya miaka arobaini. Kazi hizo zipo leo, ila hazina darasa.

Lakini hadi hapo, mwaka 2029 utafika na njia itakuwa ile ile. Kijana wa Nariokotome aliyesoma mkondo wa sanaa atapanda lori hadi Lodwar, atashuka na basi kupitia Kitale hadi Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 700 kutoka Lodwar peke yake. Akikosa nafasi huko na akazipata pesa, ataweza kuvuka Namanga na kufika Bagamoyo akiwa na pasipoti ya Afrika Mashariki na kibali cha mwanafunzi. Kijana wa Kakuma mwenye kipaji kile kile, aliyezaliwa kambini na kusoma katika mtaala ule ule wa Kenya, atahitaji kwanza ruhusa ya kutoka kambini ili afike hata Lodwar. Na kuvuka mpaka kutamtaka hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo hungojwa kwa muda mrefu kuliko tarehe za kufunguliwa kwa muhula.